Herufi Iliyoandikwa Mlangoni



Wapendwa Taifa la Mungu,

Katika mwezi wa Novemba Mama Kanisa anatualika kuwaombea marehemu wetu, na Jumapili ya mwisho ya mwaka wa kiliturujia tunamshangilia Kristo, Mfalme wa Ulimwengu. Katikati ya siku hizo, katika nchi mbalimbali, makanisa huangazwa kwa taa nyekundu, rangi ya damu ya mashahidi, ili waamini wawakumbuke Wakristo wanaoteswa kwa sababu ya imani yao. Desturi hii imeenezwa hasa na Shirika la Kipapa la Misaada kwa Kanisa Hitaji. Tarehe 29 Aprili 2016 chemchemi maarufu ya Trevi mjini Roma iliangazwa kwa rangi hiyo, na tarehe 24 Februari 2018 ikafuata Kolosai, uwanja mkongwe ambao kwa karne nyingi Wakristo wameuheshimu kama ukumbusho wa mashahidi wa kwanza.

Vijana wetu wa VIWAWA wamesikia habari hizo, nao wameleta pendekezo lao. Wanaomba kitambaa chekundu kitundikwe kanisani mwetu, na juu yake iandikwe herufi moja tu ya Kiarabu: ن. Baadhi yao wanataka pia herufi hiyo ichapwe kwenye fulana. Katika Halmashauri ya Walei maoni yaligawanyika. Mmoja alisema kwamba alama za namna hiyo ni mapambo, hazimwondolei mtu hata tone moja la machozi. Mwingine aliuliza kwa nini tuhangaike na watu wa mbali wakati hapa kwetu yatima na wagonjwa hawajatosheka. Mzee mmoja alikuwa na hofu nyingine: majirani zetu Waislamu watatuelewaje wakiona herufi ya Kiarabu kanisani?

Hoja zote tatu ni za kweli, na hakuna hata moja ya kuchekwa. Ndiyo sababu nimeona niandike kwa kirefu kidogo, ili kabla ya kuamua tujue kwanza tunazungumzia nini.

Yaliyotokea Mosul

Mosul ni mji ulioko kaskazini mwa Iraki, kando ya mto Hidekeli, mkabala na magofu ya Ninawi, ule mji mkubwa aliotumwa Nabii Yona. Wakristo wameishi huko tangu karne za kwanza: Wakaldayo, Wasiria, Waashuru na Waarmenia. Wengi wao hadi leo husali kwa Kiaramu, lugha iliyo jamaa ya ile aliyoisema Bwana wetu nyumbani kwa Maria na Yosefu.

Mateso yao hayakuanza mwaka 2014. Tarehe 3 Juni 2007, Jumapili ya Utatu Mtakatifu, Padre Ragheed Ganni alipigwa risasi mjini Mosul baada ya kuadhimisha Misa, pamoja na mashemasi wadogo watatu waliokuwa wakimsindikiza. Alikuwa na umri wa miaka 35, amesoma Roma, na angeweza kubaki Ulaya. Aliamua kurudi kwa watu wake. Mwaka uliofuata, tarehe 29 Februari 2008, alitekwa Askofu Mkuu wa Wakaldayo wa mji huo, Paulos Faraj Rahho, na maiti yake ikapatikana mwezi Machi. Tarehe 31 Oktoba 2010 waamini walivamiwa wakiwa katika Misa ya Jumapili jioni, katika Kanisa Kuu la Mama Yetu wa Wokovu mjini Baghdad, na makumi yao wakauawa, wakiwemo mapadre wawili.

Kisha mwezi Juni 2014 mji wa Mosul ukaangukia mikononi mwa kundi lililojiita Dola la Kiislamu. Katikati ya Julai watu walianza kuona maandishi kwenye kuta na milango ya nyumba za Wakristo. Ilikuwa herufi moja, ile ambayo watoto wa madrasa huijua kwa jina la nuni: ن. Ni herufi ya kwanza ya neno Nasara, yaani Wanazareti, wafuasi wa yule Mnazareti. Kando yake yaliandikwa maneno ya kutangaza kwamba nyumba hiyo sasa ni mali ya dola hilo.

Baadaye kidogo likatolewa tangazo. Wakristo walipewa makataa ya hadi adhuhuri ya Jumamosi, tarehe 19 Julai 2014: wasilimu, au walipe kodi ya jizya, au waondoke; la sivyo, upanga. Karibu wote waliondoka. Katika vizuizi vya barabarani wengi walinyang'anywa fedha, pete za ndoa, hata dawa za wagonjwa. Usiku wa tarehe 6 kuamkia tarehe 7 Agosti, katika sikukuu ya Kung'ara kwa Bwana, ikawa zamu ya Qaraqosh, mji mkubwa wa Wakristo katika uwanda wa Ninawi, wenye watu wapatao 50,000. Walikimbilia Erbil na kitongoji chake cha Ankawa, wakalala makanisani, bustanini, na katika majengo ambayo hayajamalizika kujengwa. Kwa ujumla waliokimbia katika majuma hayo walizidi 100,000.

Fikirini jambo hili, ndugu zangu. Asubuhi unafungua mlango wako, unakuta mkono wa mtu mwingine umeandika juu yake wewe ni nani na utatendewa nini. Hukuulizwa neno, na hukupewa nafasi ya kujitetea. Herufi moja imetosha kukufanya mgeni katika nyumba aliyozaliwa babu yako.

Herufi hiyo tayari tunayo

Sasa nije kwenye kitambaa cha vijana wetu. Wapo wanaodhani kwamba alama ile ni ngeni kabisa kwetu. Si kweli. Wazee wa pwani bado wanalijua neno Mnasara, yaani Mkristo, na wanajua kwamba linatokana na Nazareti. Katika kitabu cha Matendo ya Mitume, mtume Paulo anaposhtakiwa mbele ya liwali Feliki, mshtaki anamwita kiongozi wa kundi la Wanazareti. Lilikuwa jina la kudharau. Nazareti kilikuwa kijiji kidogo, na Nathanaeli aliposikia habari za Yesu alishangaa kama kitu chema chaweza kutoka huko.

Rudini nyumbani mkautazame msalaba ulioko ukutani. Juu ya kichwa cha Bwana mtaona herufi nne: INRI. Ni vifupisho vya maneno ya Kilatini, Yesu Mnazareti Mfalme wa Wayahudi. Mwinjili Yohane anatueleza kwamba Pilato ndiye aliyeamuru yaandikwe, na kwamba yaliandikwa kwa lugha tatu ili kila apitaye asome. Ilikuwa hati ya mashtaka. Mkono wa mtawala uliandika juu ya Bwana wetu yeye ni nani na kwa nini anauawa. Na ile N iliyomo katika INRI ni neno lilelile lililoandikwa Mosul kwa nuni: Mnazareti.

Kwa hiyo waliochora milango ya Mosul walifanya jambo ambalo hawakulijua. Waliwaandikia Wakristo wale hati ileile aliyoandikiwa Bwana wao. Nasi, kila mmoja wetu mwenye msalaba sebuleni, tunayo herufi hiyo nyumbani. Tofauti ni kwamba sisi tuliitundika wenyewe, kwa amani, labda siku ya kubariki nyumba. Wao waliandikiwa, nayo ikawagharimu nyumba.

Imekuwa tabia ya Kanisa tangu mwanzo kuichukua alama ya aibu na kuigeuza kuwa alama ya heshima. Msalaba wenyewe ulikuwa chombo cha kuwaua watumwa na waasi, kitu kisichotajwa mbele ya watu waungwana. Leo tunauchora kwenye paji la uso la mtoto mchanga siku ya ubatizo. Mashahidi wetu huchorwa wakiwa wameshika silaha zilizowaua. Ndivyo ilivyokuwa kwa herufi ya nuni. Katika siku chache za Julai na Agosti 2014 Wakristo wa nchi nyingi, Wakatoliki kwa Waprotestanti, waliivaa, waliiweka madirishani na mahali pa picha zao kwenye mitandao. Walikuwa wakisema: kama hilo ndilo kosa lao, basi nasi tunalo kosa hilo.

Kwa sababu hiyo sikubali kwamba alama ni upuuzi. Sisi Wakatoliki tunaishi kwa alama: maji, mafuta, majivu, matawi, mshumaa wa Pasaka. Binadamu hana roho tu. Ana macho na mikono, na moyo wake hufundishwa kwa kile anachokitazama kila siku.

Kanda la usufi

Hata hivyo, ndugu yetu aliyesema kuwa alama ni mapambo tumsikilize. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hakuna kazi rahisi kama kubeba mateso ya mtu aliye mbali. Ukiivaa fulana yenye herufi ile, watu watakuuliza maana yake, utawaeleza, watakusifu kwa moyo wako mwema. Jioni utaivua na kuifua. Yule wa Mosul hakuweza kuivua herufi yake. Bwana wetu alituonya juu ya sadaka na sala zinazotafuta kuonekana na watu: wenye kuzifanya hivyo wamekwisha kupata thawabu yao.

Nini basi kinachoiokoa alama isiwe pambo? Jibu langu ni moja: sala yenye gharama. Sisemi sala kwa maana ya sentensi moja katika sala za waamini, ile tunayoiitikia "Ee Bwana, utusikie" huku tukiangalia saa. Nasema sala inayotaja mahali na kutaja majina, inayorudiwa juma baada ya juma, na inayochukua kitu kutoka kwetu: usingizi, chakula, fedha.

Mtume Paulo anawafundisha Wakorintho kwamba sisi ni mwili mmoja, na kiungo kimoja kikiumia viungo vyote huumia nacho. Hasemi kwamba viungo vingine *vinapaswa* kuumia. Anasema ndivyo mwili ulivyo. Kidole kikichomwa mwiba, mwili mzima hauketi kikao kuamua kama utasikia maumivu. Mkono unakimbilia, jicho linatafuta, mgongo unainama. Ikiwa kiungo kimeumia na vingine havina habari, hiyo ni dalili ya ugonjwa. Huenda ni ganzi. Na mwandishi wa Waraka kwa Waebrania anatutaka tuwakumbuke waliofungwa kana kwamba tumefungwa pamoja nao. Sala ndiyo njia ambayo damu inarudi katika kiungo chenye ganzi. Si wao tu wanaosaidiwa, nasi tunaponywa.

Lakini tusidanganyane kuhusu sala pia. Katika sura ya 12 ya Matendo ya Mitume, Herode anamuua Yakobo kwa upanga, kisha anamfunga Petro. Kanisa linamwombea Petro bila kukoma, na malaika anamfungulia. Je, Yakobo hakuombewa? Bila shaka aliombewa. Petro alitoka gerezani, Yakobo akaenda kwa Bwana wake. Tukiwaombea wanaoteswa hatununui matokeo. Tunakataa wasiwe peke yao, iwe wanatoka kama Petro au wanakwenda kama Yakobo.

Na mtazame jinsi Mungu anavyotuunganisha bila sisi kupanga. Tarehe 3 Juni, siku aliyouawa Padre Ragheed, ndiyo siku tunayoadhimisha kumbukumbu ya Mt. Karoli Lwanga na wenzake, waliochomwa moto Namugongo mwaka 1886. Papa Paulo wa VI, ambaye leo ni Mtakatifu, aliwatangaza Mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu mwezi Oktoba 1964. Sasa kila mwaka tunapowaimbia Mashahidi wetu, padre yule wa Mosul naye ana haki ya kutajwa kimyakimya altareni. Kalenda imewakutanisha, sisi tufuate tu.

Mahali pasipo na alama

Hapa namjibu pia yule aliyeuliza kwa nini twende mbali. Ana haki, na tena hoja yake inatupeleka mahali ambapo labda hakupafikiria.

Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, huko Komanda katika jimbo la Ituri, mashariki mwa Kongo, waamini walikuwa kwenye mkesha wa sala parokiani kwao. Waasi wa ADF wakawavamia, wakaua watu zaidi ya 30, wakateketeza nyumba na maduka. Parokia ile imewekwa chini ya jina la Mwenyeheri Anuarite, sista aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964 kwa kukataa kuuvunja usafi wake, na ambaye Papa Yohane Paulo wa II alimtangaza Mwenyeheri huko Kinshasa mwaka 1985. Wengi kati yetu tuna binti au dada anayeitwa Anuarite. Watu wa Komanda wanazungumza Kiswahili. Wanasema "Salamu Maria" kama tunavyosema sisi.

Nauliza: ni alama gani iliyoenea duniani kwa ajili ya Komanda? Ni chemchemi gani iliyoangazwa? Hawakuandikiwa herufi yoyote mlangoni ambayo ingepigwa picha ikapendeza macho. Hili ndilo pungufu kubwa la alama: huwaangazia baadhi ya wanaoteswa, na kuwaacha wengine gizani, si kwa sababu mateso yao ni madogo, bali kwa sababu hayana picha. Sala haina pungufu hilo. Sala inaweza kufika mahali ambapo hakuna kamera. Kwa hiyo tukiitundika herufi ya nuni, iwe mlango wa kuingilia, na wote wasio na herufi yao wapite hapo: wa Komanda, wa Owo nchini Nigeria waliouawa kanisani siku ya Pentekoste, tarehe 5 Juni 2022, na wa kanisa la Mt. Eliya mjini Damasko waliolipuliwa wakiwa katika ibada tarehe 22 Juni 2025.

Na kuhusu yatima na wagonjwa wetu: sijawahi kuona mtu aliyejifunza kulia na wa mbali akawa mgumu kwa wa karibu. Kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia. Sisi ndio wa mbali sasa. Kesho twaweza kuwa wafiwa.

Majirani zetu

Nabaki na hofu ya mzee wetu, ambayo kwangu ndiyo nzito kuliko zote. Mtaani kwetu msikiti na kanisa vinasikilizana, adhana kwa kengele. Tumezikana, tumekopeshana sufuria za arusi, baadhi yetu tuna shangazi na wajomba upande wa pili. Herufi ya nuni ikiingia kanisani kama shutuma dhidi ya watu hao, basi ni heri isiingie kabisa.

Kwa hiyo tuseme ukweli wote wa Mosul. Mkono ulioandika nuni kwenye nyumba za Wakristo uliandika pia herufi ر, ya neno la kuwatukana Washia, kwenye nyumba za Waislamu wa madhehebu hayo. Mkono huohuo, tarehe 24 Julai 2014, siku tano tu baada ya makataa ya Wakristo, uliulipua msikiti wa Nabii Yunus, mahali palipoheshimiwa na Waislamu kama kaburi la Nabii Yona wetu. Mwezi Agosti uliwashukia Wayazidi wa Sinjar, ukaua wanaume kwa maelfu na kuwauza wanawake na watoto utumwani. Mwaka 2017 uliulipua hata msikiti wa kale wa al-Nuri, ambamo kiongozi wao alikuwa amejitangaza khalifa. Katika Julai ileile ya 2014, Waislamu wa Baghdad walikwenda kusimama na Wakristo nje ya kanisa lao, wakiwa wameshika mabango ya kusema kwamba nao ni Wairaki, nao ni Wakristo. Waislamu wale waliibeba nuni kabla yetu, tena mahali ambapo kuibeba kulikuwa hatari.

Na leo? Msikiti wa al-Nuri na kanisa la Mama Yetu wa Saa, yote mawili mjini Mosul, yamesimama tena. Yalijengwa upya katika mpango mmoja wa UNESCO uliozinduliwa mwaka 2018, kwa fedha za Umoja wa Falme za Kiarabu. Anayetaka kuitumia habari ya Mosul kuchochea chuki kati ya dini mbili ameisoma nusu tu.

Ndiyo maana nawaomba jambo moja kwa msisitizo. Msisambaze kwenye simu zenu picha za maiti na habari za mauaji ambazo hamjui zimetoka wapi. Mara nyingi ni picha za nchi nyingine na mwaka mwingine, zimebandikwa maneno mapya ili kuwasha moto. Kusambaza uongo juu ya mateso ni kuwaibia wateswa wa kweli. Tusali kwa ukweli au tunyamaze.

Neno lililomgusa Papa

Mji wa Qaraqosh ulikombolewa Oktoba 2016, na Mosul mwaka 2017. Baadhi ya watu walirudi, wengine wengi hawakurudi. Wakristo wa Iraki, ambao kabla ya vita vya mwaka 2003 walikadiriwa kuzidi milioni 1, leo wamebaki sehemu ndogo tu ya idadi hiyo.

Mwezi Machi 2021 hayati Papa Fransisko aliwatembelea. Tarehe 7 Machi alisali Mosul katikati ya magofu ya makanisa, kisha akaenda Qaraqosh, katika kanisa la Bikira Maria lililokuwa limechomwa moto na ua wake kugeuzwa uwanja wa kulenga shabaha. Humo mama mmoja alisimama kutoa ushuhuda. Mwanawe mdogo aliuawa kwa kombora asubuhi ya tarehe 6 Agosti 2014, akicheza mbele ya nyumba. Mama huyo alisema kwamba vifo vya siku ile viliwafanya watu wa mji kukimbia na hivyo kuokoka, na kwamba yeye kama Mkristo anajitahidi kusamehe. Papa alikiri mbele ya watu wote kwamba neno hilo la msamaha lilimgusa moyo.

Ndugu zangu, mama huyu ndiye mwenye haki ya kutufundisha namna ya kuibeba nuni. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ikiwa yeye, mwenye kaburi, anatafuta njia ya kusamehe, sisi tusio na kaburi tunapata wapi ruhusa ya kuchukia kwa niaba yake?

Tutakachofanya

Baada ya kusikiliza pande zote, hivi ndivyo ninavyoona inafaa.

Kwanza, kitambaa kitatundikwa, lakini ndani ya kanisa, karibu na msalaba, mahali tunapopiga magoti. Hakitawekwa barabarani kama bango. Chini yake vijana wataandika kwa Kiswahili maana ya herufi hiyo, pamoja na maana ya INRI. Nami mwenyewe nitakwenda kumweleza imamu wa msikiti jirani kabla hajasikia kwa watu.

Pili, fulana zisubiri. Vijana wakisali kwa uaminifu mwaka mzima, tutazungumza tena.

Tatu, kila Jumuiya Ndogo Ndogo itapewa mahali pamoja pa kupaombea: Mosul, Qaraqosh, Komanda, Owo, Damasko na kwingineko. Katika kila mkutano wa juma, fungu moja la Rozari litasaliwa kwa ajili ya mahali hapo, na kiongozi ataeleza kwa ufupi habari zake zenye uhakika. Akina mama wa WAWATA wamekubali kuandaa karatasi.

Nne, Jumatano inayofuata Sherehe ya Kristo Mfalme tutafunga mlo mmoja. Thamani ya mlo huo italetwa kanisani jioni. Nusu itakwenda kwa wanaoteswa kupitia jimbo letu, na nusu itabaki kwa yatima wetu, ili asiwepo wa kusema kwamba tumewasahau. Baadaye, Ijumaa Kuu, tutakapotoa mchango kwa ajili ya Nchi Takatifu, tukumbuke kwamba mchango huo huwasaidia Wakristo wa Mashariki ya Kati. Shilingi yako inafika mahali mguu wako haufiki.

Tano, jioni hiyohiyo tutaadhimisha Misa kwa ajili ya Wakristo wanaoteswa, kama Misale inavyoiweka. Kila familia ije na msalaba wake wa nyumbani. Kabla ya baraka tutausoma ule mwandiko wa juu ya msalaba, kila mtu kwenye msalaba wake, na tutanyamaza kwa kitambo.

Ee Yesu Mnazareti, ulikubali kuandikiwa hati ya mashtaka juu ya kichwa chako. Uwatazame ndugu zetu walioandikiwa jina lako milangoni mwao, na wale waliouawa bila mtu kuandika chochote. Uwape faraja waliokimbia, uwape wafu pumziko la milele, uwageuze mioyo wanaotesa. Sisi nasi utuondolee ganzi. Amina.

Nawatakieni nyote Sherehe njema ya Kristo Mfalme. Mungu awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu.

Wenu katika Kristo,
Paroko